VIVUKO VYA MTO RUVUMA NA SISI TULIOVUKA

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya wakazi wa kambi, siku ya kumbukumbu ya tarehe 24 Machi)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa hai. Tunawakumbuka wale tuliotoka nao na hatukufika nao. Kabla ya kuendelea tunaomba tusimame kimya kwa dakika moja.

Ahsanteni. Tukae.

Ndugu zetu, kila mwaka katika siku hii Kamati huzungumzia mgao wa chakula, turubai, visima na madarasa ya watoto. Mambo hayo yapo bado, na taarifa zake mtazisoma katika kurasa nyingine za jarida hili. Mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo jingine, na sababu yake ni hii. Katika kikao cha maandalizi mama mmoja alisimama akauliza: "Mwanangu yuko Mtwara tangu siku ile ya vita. Mimi sitaki kupita kichochoroni. Nikitaka kumfuata kwa njia ya halali nipite wapi, na nishike karatasi gani?"

Kikao kizima kilinyamaza. Kisha mmoja akasema Namoto. Mwingine akasema hapana, Negomano, kwenye daraja. Wa tatu akacheka akasema, mama, wewe pita usiku kama watu wengine wote. Tulirudi majumbani na aibu, kwani Kamati nzima ilikuwa imeshindwa kumjibu mtu mmoja swali ambalo, tukisema kweli, kila nyumba ya kambi hii inalo. Basi tukauliza wazee, tukauliza vijana waliokuwa wakifanya biashara ya mpakani, tukawasumbua na wafanyakazi wa mashirika mpaka wengine wakaanza kutukimbia. Hotuba hii ni jibu la yule mama. Yupo hapa, na ametukubalia tuseme kwamba swali ni lake.

Tuanze na mto wenyewe. Mto Ruvuma unatoka katika milima ya Matogoro karibu na Songea, unakwenda kiasi cha kilomita 800 mpaka baharini, na sehemu kubwa ya safari hiyo ndiyo mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Mpaka huu hawakuuweka babu zetu. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana huko kwao Ulaya kwamba mto uwe mstari wa kugawana nchi. Mwaka uliofuata, 1887, Wareno waliichukua kwa nguvu ghuba ya Tungi, ambayo ndiyo hii ya Palma yetu, na kabla ya hapo Sultani wa Zanzibar alihesabu kwamba ni yake. Mwaka 1894 Wajerumani waliishika Kionga, ambayo siku hizi inaandikwa Quionga, ingawa ipo upande wa kusini wa mlango wa mto. Wareno waliitwaa mwaka 1916 wakati wa vita vikuu vya kwanza, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawakabidhi rasmi.

Sasa hebu mfikirieni mtu mmoja wa Kionga, mvuvi tu, asiyejua kusoma. Katika umri wa mtu mmoja amekuwa mtu wa Sultani, akawa mtu wa Mjerumani, akawa mtu wa Mreno, na kitanda chake hakikuhama hata chumba. Ndugu zake waliooa ng'ambo wakawa wageni. Shamba la mihogo la mjomba wake likawa nchi za nje. Wamakonde wapo Newala na wapo Mueda. Wayao wapo huku na wapo kule. Na Kiswahili hiki tunachosema hapa, hakuna askari wa mpakani aliyewahi kukiuliza pasi. Hata neno "machamba" tunaloliandika siku hizi kwenye fomu za Kireno za kuomba mbegu, Wareno walilichukua kwetu, ni mashamba yale yale.

Tunayasema haya kwa sababu jambo kama lile la mtu wa Kionga limetupata na sisi, tena si kwa miaka thelathini bali kwa siku chache. Tutafika huko.

Vivuko vinavyotuhusu ni viwili. Cha kwanza ni kile cha pwani: Namoto upande wetu, Kilambo upande wa Mtwara. Vijana waliokulia hapa kambini hawakijui, kwa hiyo turuhusuni tueleze kilivyokuwa kabla ya vita. Ulitoka Palma nyuma ya gari dogo, umekaa juu ya magunia, njia ya mchanga, ukapita Quionga, ukafika Namoto ukiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Ofisi ilikuwa ndogo. Ukagongewa muhuri, ukavua viatu, ukateremka mtoni. Na hapo mwenye amri hakuwa tena afisa, alikuwa maji. Mto karibu na bahari unafuata kupwa na kujaa. Maji yakijaa unapanda mtumbwi karibu na njia. Yakipwa unatembea juu ya mchanga mpaka miguu inawaka, na chombo kimekwama mbele yako kama ng'ombe aliyelala. Wakati wa mvua safari inakuwa ndefu na mkondo una nguvu. Viboko wapo, mamba wapo, na kila mtu wa Namoto anayo hadithi yake.

Palikuwa na pantoni la kuvusha magari. Lilitegemea maji makubwa ya bamvua, na palikuwa na vipindi virefu ambavyo halikufanya kazi kabisa. Pantoni lilipokosekana, lori lenye saruji liligeuza, lakini mwanamke mwenye ndoo ya dagaa hakugeuza. Alivuka kwa mtumbwi. Mafuta ya taa, sabuni, sukari, kanga, dawa za watoto, vyote vilivuka hivyo, na samaki wakavuka kurudi upande wa pili. Kuhusu nauli, tuseme ukweli kwa kuwa tumo miongoni mwa wenyewe: wapo wenye mitumbwi waliokubaliana na abiria bei moja ukingoni na kutaja bei nyingine wakifika katikati ya mto, mahali ambapo hakuna abiria mwenye hoja. Baadhi yao wamekaa hapa leo na wanaangalia chini. Tumekwisha wasamehe, lakini hatujasahau.

Kivuko cha pili ni daraja. Linaitwa Daraja la Umoja, lina urefu wa meta 720, linaunganisha Negomano katika wilaya ya Mueda na Mtambaswala katika wilaya ya Nanyumbu. Wazo lake lilikuwa la Mwalimu Nyerere na Rais Samora Machel tangu uhuru wetu ulipopatikana mwaka 1975. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2005, na tarehe 12 Mei 2010 Rais Kikwete na Rais Guebuza wakalifungua. Hesabuni wenyewe: tangu wazo mpaka daraja ni miaka thelathini na mitano. Samora hakuliona, Mwalimu hakuliona. Na lilipofunguliwa, barabara ya upande wetu kuelekea Mueda ilibaki ya udongo kwa miaka mingi, hata watu wakasema kwa mzaha kwamba kuvuka mto ni dakika kumi na kuvuka matope ni siku tatu.

Kwetu sisi watu wa pwani daraja hilo lipo mbali sana. Ni ndani kabisa, mahali mto Lugenda unapoingia katika Ruvuma. Wazee wanaijua Negomano kwa jambo jingine. Mwezi Novemba mwaka 1917 jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck lilivuka mto hapo likikimbia Waingereza, likawapiga Wareno, likachukua silaha na chakula chao. Vitabu vinawataja maofisa. Wapagazi, ambao walikuwa Waafrika waliobeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, walivuka pale pale, na majina yao hayakuandikwa. Kwa hiyo watu wenye njaa, wasiojulikana majina, wakivushwa Negomano kwa amri ya wengine: hilo si jambo la jana.

Ndugu Mwenyekiti, mto huu umetupokea mara nyingi. Vita vya ukombozi vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, wazazi wetu waliukimbia moto wa Wareno wakavuka kwenda Tanzania. Wengi walipelekwa Rutamba, mkoani Lindi. Wapo wazee katika kambi hii waliojifunza kusoma huko, na ndiyo sababu jarida letu linaandikwa Kiswahili na barua zao zina mwandiko mzuri kuliko wetu. Frelimo yenyewe iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake waliojeruhiwa walitibiwa Mtwara, katika hospitali iliyopewa jina la Dakta Américo Boavida. Baada ya mapatano ya Lusaka ya tarehe 7 Septemba 1974 watu wakarudi wakiimba. Kisha vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wakavuka tena. Na baada ya mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992 wakarudi tena, safari hii kwa msaada wa UNHCR. Bibi mmoja wa sehemu yetu amevuka kwenda na kurudi mara zote hizo. Tulipomwuliza mto una upana gani, alisema inategemea umembeba nani mgongoni.

Jumatano ya tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Hatutaisimulia siku ile, kila mmoja anayo yake. Tutasema tu kuhusu njia. Wengine walikimbilia Quitunda na Afungi. Wengine walipanda vyombo wakaenda Pemba kwa bahari. Wengine walitembea porini mpaka Nangade na Mueda. Na wengine, ambao sisi tuliomo katika Kamati ni baadhi yao, tulikwenda kaskazini, kwa sababu miguu ilikuwa inaijua njia ya wazazi.

Tulifika ukingoni usiku. Mvua zilikuwa hazijaisha, mto ulikuwa umejaa na unavuta. Hapakuwa na taa, hapakuwa na ofisi, hapakuwa na mtu wa kuuliza jina. Palikuwa na mitumbwi michache na watu wengi. Mwenye mtumbwi mmoja alivusha watoto bila kutaka kitu mpaka mikono ikamvimba; mwingine alitaka simu, akapewa simu. Katika kundi letu alikuwapo mama aliyejifungua siku nne kabla. Alimfunga mtoto kifuani kwa kapulana, na kwenye kona ya kapulana hiyo alikuwa amefunga karatasi zake zote: bilyete yake, sedula ya mtoto wake mkubwa, risiti ya shamba la minazi. Mtumbwi uliingia maji. Tulivuka salama, mtoto akalia vizuri, lakini alipofungua ile kona asubuhi ulikuwa uji wa karatasi. Alijaribu kuuanika juu ya jani la mgomba. Tunaona mpaka leo lile jani.

Ng'ambo tulipewa maji na wanakijiji. Tulipewa mihogo. Tunataka hili liandikwe, kwani waliotupa walikuwa nao hawana kitu. Baada ya siku chache tulikusanywa, tukaulizwa karatasi, na sisi tulikuwa na mikono mitupu. Tukapakiwa magarini. Tulidhani tunapelekwa kambini, kama wazee wetu walivyopelekwa Rutamba. Vijana wakaanza hata kuuliza kama kuna shule. Safari haikuisha. Zaidi ya kilomita 200, bahari nyuma yetu, nchi kavu mbele, na mwisho wake tukaoneshwa daraja zuri refu la zege na kuambiwa tuvuke kwa miguu. Hivyo ndivyo sisi watu wa pwani tulivyolijua Daraja la Umoja. Wengine tulishuka upande wa pili bila waume zetu, na wengine bila watoto, kwani gari lililofuata halikuja na watu tuliowategemea.

Hatukuwa wachache. UNHCR ilitangaza mwezi Julai 2021 kwamba tangu Januari ya mwaka huo zaidi ya watu 9,000 walikuwa wamerudishwa Msumbiji kwa kupitia Negomano, ikaomba watu wanaokimbia wasirudishwe kwenye hatari.

Sasa turudi kwa yule mvuvi wa Kionga. Katika lugha ya mashirika, mtu aliyekimbia Palma akabaki Msumbiji anaitwa mkimbizi wa ndani. Akivuka mto anaomba hifadhi, na akikubaliwa anakuwa mkimbizi. Asipokubaliwa anaitwa mhamiaji asiye halali. Akirudishwa darajani anakuwa mkimbizi wa ndani kwa mara ya pili. Mwanamke yule wa kapulana amepitia majina hayo katika muda wa wiki chache, na kila jina lina fomu yake, ofisi yake, na haki zake. Yeye mwenyewe hajabadilika. Njaa yake ni ile ile na mtoto ni yule yule. Mto haukumbadilisha. Ulibadilisha alivyoandikwa. Na asiye na karatasi hana namna ya kubisha jinsi anavyoandikwa.

Tunajua wapo watakaosema Kamati inalaumu jirani. Hatulaumu kijuujuu. Mwezi Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto wakaingia Kitaya, mkoani Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Mwenye nyumba aliyeingiliwa usiku huwa haangalii vizuri nani anabisha hodi asubuhi. Tunalielewa hilo, maana sisi wenyewe hapa kambini, anapokuja mgeni asiye na mtu wa kumtambulisha, tunamwuliza maswali mengi kabla ya kumpa sehemu ya kulala. Lakini kuulizwa maswali ni jambo moja, na kugeuzwa bila kuulizwa ni jambo jingine. Mtoto wa siku nne hakuja na bunduki.

Tena jirani huyo ana historia ambayo dunia nzima inaijua. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa kama saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, na daraja likawa wazi. Baadhi yenu wageni wetu mmetuambia kwamba mlianza kazi hii huko. Mwaka uliofuata, 1995, mpaka na Burundi ukafungwa, watu walipozidi. Kwa hiyo mlango ule ule umewahi kuwa wazi na umewahi kufungwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipewa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili ya wakimbizi, na sisi watoto wa Rutamba tunaona kwamba sehemu ya nishani ile ni yetu.

Na sheria ipo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu wakimbizi, uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, unakataza mtu anayekimbia hatari ya maisha yake asukumwe nyuma mpakani. Hapa ndipo tunapomjibu mama yetu, na tunaomba vijana wasikilize, kwani wengi wanachanganya. Msafiri huombwa pasi. Anayekimbia risasi ana haki ya kusikilizwa hata kama hana pasi. Hizo ni safari mbili tofauti, ingawa mto ni mmoja na pengine hata mtumbwi ni mmoja.

Wewe mama, safari yako ya sasa ni ya msafiri. Kwa hiyo unatakiwa kupita penye kituo, Namoto au Negomano, na kabla ya kutoka hapa unauliza kwanza kama kituo hicho kiko wazi, kwa sababu nyakati hizi kituo kinaweza kuwa wazi mwezi huu na kufungwa mwezi ujao. Unatakiwa kuwa na pasi au hati ya dharura ya kusafiria kutoka uhamiaji. Raia wa nchi hizi mbili hawahitaji viza kwa matembezi ya muda mfupi, na yeyote anayekuuzia viza anakuibia. Lakini pasi haipatikani bila bilyete, na bilyete haipatikani bila kuandikishwa kuzaliwa. Wewe bilyete yako iliungua pamoja na nyumba. Basi safari yako ya Mtwara inaanzia kwenye meza ya uandikishaji hapa hapa kambini, si mtoni. Tunajua jibu hili ni refu na halipendezi. Ulitarajia tutakuambia jina la kijiji cha kuvukia.

Hapa mkoani Cabo Delgado UNHCR pamoja na wanasheria wa Chuo Kikuu Katoliki cha Msumbiji wamewasaidia waliohama kupata upya vitambulisho vyao, na wapo watu hapa waliopata bilyete kwa njia hiyo. Tunashukuru kwa dhati. Tunachoomba, waheshimiwa wageni, ni kwamba meza hiyo isije mara moja ikapiga picha ikaondoka. Ikija, tupewe taarifa mapema, kwani mara nyingine imekuja siku ya mgao, na mtu akilazimika kuchagua kati ya mchele na kitambulisho atachagua mchele, na nyie mngechagua hivyo hivyo. Aidha tunaomba watoto waliozaliwa hapa kambini waandikishwe. Mtoto aliyezaliwa chini ya turubai asipoandikwa, siku akifika ukingo wa mto wowote hatakuwa na la kusema.

Na sisi wenyewe tuna la kujisema. Wapo akina baba waliokataa kuwaandikisha watoto wakidhani majina yanapelekwa jeshini. Wapo vijana, tunawajua, wanaochukua pesa za wajane kwa ahadi ya kuwavusha usiku. Mwaka jana familia moja ya jirani zetu ilitoa pesa za kuuza mbuzi wao wawili. Mtumbwi ulipinduka karibu na kisiwa cha mchanga, na tulizika mmoja, wa pili hakuonekana. Aliyechukua pesa zile hakuja msibani. Kamati haitamtaja hapa, ila ajue kwamba tunamngoja aje mwenyewe.

Kuhusu waliotawanyika: usivuke mto kumtafuta mtu ambaye hujui alipo. Msalaba Mwekundu husaidia familia kutafutana na kupigiana simu bila malipo. Kamati nayo imekuwa ikiandika majina ya ndugu walio ng'ambo au waliopotelea njiani kati ya Kilambo na Negomano. Daftari la kwanza limejaa, tumenunua la pili kwa mchango wetu.

Tuna ombi la mwisho, nalo tumekwisha liandika kwa barua ambayo nakala yake tutamkabidhi kila mgeni. Hatuna uwezo wa kuamuru mpaka ufunguliwe au ufungwe. Lakini tunaomba kwamba popote watu wanaporudishwa, pale darajani au pale mchangani, wasishushwe usiku. Pawe na kivuli na maji. Awepo mwanamke wa kupokea wanawake. Na kabla gari halijaondoka majina yaandikwe, nani amekuja na nani, ili mtoto asipande gari moja na mama yake akapanda jingine. Kalamu na daftari vingetosha siku ile. Tungekuwa na orodha hiyo, huenda mwana wa mama yetu asingekuwa Mtwara peke yake.

Baada ya nyimbo za watoto, katibu wetu atakaa chini ya mwembe na daftari la pili. Mwenye ndugu upande wa pili aje na jina kamili, jina la baba, kijiji alikotoka, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Mwenye karatasi yoyote aje nayo, hata kama imechanika, hata kama imeiva kwa maji na haisomeki. Yule mama wa kapulana ameleta yake. Imekauka ngumu kama mkate wa ufuta, lakini ukiiinua juani namba tatu za mwisho zinaonekana.